Simu ya Sebuleni Wakati wa Eda

Nyumba yetu ya Msambweni ilikuwa na ghorofa mbili juu, na marehemu baba aliijenga kwa mawe na zege la kutosha kuzuia mizinga, ingawa sikumbuki adui yeyote aliyewahi kututishia. Alipofariki, mwishoni mwa miaka ya tisini, mama alikaa eda katika chumba cha juu kabisa. Sebule ya chini ikawa ya wanaume waliokuja kutoa pole, na katikati yao akakaa ami yangu, mdogo wake baba, ubavuni mwa simu.

Ilikuwa simu isiyo na waya, zawadi ya kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi Maskati. Kitako chake kilikaa juu ya kimeza chenye kitambaa cha kufuma. Mkono wake, kwa maneno ya kaka, ungeweza kubebwa popote nyumbani. Popote, tuligundua, ni mpaka vidato vya kwanza vya ngazi. Huko juu ulitoa mkwaruzo tu, kama samaki anayekaangwa.

Kaka hakuja mazikoni. Mama hakutaka kingine duniani ila kumsikia akisema atakuja lini. Kushuka hakuweza, maana sebule ilijaa wanaume wasio maharimu wake, ambao mjane wa eda haruhusiwi kuonekana nao, ami akiwa wa kwanza. Kaka alipopiga, nilipanda ngazi mbio na ule mkono, na kila mara sauti yake ilikatika ikiwa imefika tu kwenye "shikamoo mama".

Ami alijitwika kazi ya kurekebisha mawimbi. Alifunga waya wa shaba kwenye antena akauvuta hadi dirishani. Akakipandisha kitako juu ya kiti, kisha kiti juu ya meza. Akaamuru madirisha yafunguliwe ili sauti ipate njia. Jambo moja tu alilikataa katakata: kitako kuhamishiwa ghorofa ya kati. Watu watoke Vanga na Kwale kuja kuhani, alisema, wasiikute simu? Nilimchukia ami siku zile, nami nikimpelekea kahawa kwa adabu zote.

Ijumaa moja, wanaume wakiwa msikitini, mimi na shangazi tulikihamisha. Waya wa ukutani ulifika ghorofa ya kati bila taabu yoyote. Ami aliporudi akakikuta kimeza kitupu, akasimama chini ya ngazi akiturushia maneno kuhusu watoto wa kike waliosomeshwa kupita kiasi. Simu ililia hotuba ikiwa katikati.

Nilipanda nikampa mama mkono wa simu, nikaweka sikio langu karibu na lake. Sauti ilikuwa safi, utadhani kaka yuko chumba cha pili. Mama hakungoja salamu ziishe.

"Mwanangu, utakuja lini?"

Huko alikokuwa nilisikia kijiko kikikoroga chai kwenye bilauri, na redio ikisoma habari kwa sauti ya chini.

"Mama, laini ni mbaya," akasema. "Sikusikii."

Kijiko kiliendelea kukoroga. Niliona uchungu hata nikashindwa kumtazama mama usoni. Alisikiliza kidogo zaidi, kisha akanirudishia mkono wa simu.

"Kirudisheni kitako chini," aliniambia. "Ami yako ana wageni."