Mafuta Mekundu Mbele ya Mashine ya Unga

Mimi simwamini mwanaume anayerudi nyumbani akiwa ameshaoga. Ndivyo mambo yalivyoanza. Bwana wangu, karani wa miaka yote, mtu wa kutoka ofisini na jasho la siku nzima shingoni, alianza kufika jioni akinukia sabuni. Na haikuwa sabuni yetu. Nyumbani tunatumia ule mche mrefu wa bluu tunaoukata vipande kwa uzi. Yeye alinukia malimau.

"Maji ilitoka ku biro, nikaona ninawe," akasema.

Leo maji yametoka ofisini. Na juzi? Na wiki iliyopita? Nikanyamaza, lakini kunyamaza kwangu anakujua. Jioni ile sufuria zilipigana jikoni mpaka jirani akauliza juu ya ukuta kama tunahama.

Ilibaki kitu kimoja nilichokiamini, nacho ni gari lake. Ni gari kuukuu la spoti, milango miwili, limeinama chini hata kuku akipita mbele yake hulioni pua. Alilinunua kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anahama Likasi, enzi migodi ilipokuwa inacheka na sisi. Linabadilisha gia lenyewe. Hiyo buate yake, yaani giaboksi, ilikuwa inavuja tangu mtoto wetu wa mwisho hajazaliwa. Kila asubuhi nilivuta katoni chini ya gari, nikakuta doa jekundu, nikageuza katoni upande wa pili. Nikimlalamikia alicheka: "Motoka ikivuja, ujue iko na mafuta." Basi tukaishi hivyo.

Jumamosi moja, bwana wangu akiwa nyumbani na gari lake, mashine ya unga ya mtaani kwetu iliharibika. Nikapeleka mahindi yangu kwenye mashine nyingine, ile ya mwisho kabisa wa mji, kwenye njia ya kwenda Shinkolobwe. Mwenye mashine ni mwanamke mjane, mnene wa kupendeza, kilemba kirefu, kicheko cha kusikika hata mashine ikinguruma. Nikiwa kwenye foleni nikatazama chini. Pembeni ya ukuta palikuwa na doa, pana kama ungo. Nikainama, nikachovya kidole, nikanusa. Mafuta ya injini ni meusi. Haya yalikuwa mekundu.

Eeh! Gari gani lingine Likasi hii linatoa mafuta mekundu namna hiyo? Nikamtazama yule mjane, naye akanichekea. Nikachukua unga wangu bila hata kuuliza kama umesagwa vizuri.

Jioni nikamwandalia chakula, nikakaa mbele yake. "Ulikuwa ku mashine ya ule mama mujane?"

Kijiko kilisimama kidogo tu, lakini nilikiona. "Nilipita tu, kusalimia mutu. Hata motoka haikusimama muzuri, nikaenda."

Sawa. Lakini kabla wiki haijaisha, mtu huyohuyo, aliyecheka na uvujaji ule miaka yote, akanitangazia kwamba gari lazima litengenezwe. Ati linampatia haya. Haya? Haya ilikuwa wapi siku tulipochafua uwanja wa kanisa, mchungaji akaleta mchanga mwenyewe? Nikaelewa: ameona kwamba nimeona. Anataka kufuta nyayo.

Nilikuwa nimeshapanga. Ikithibitika ni mwanamke, naita familia zote mbili, wanakaa, wanasikia, halafu nachukua watoto narudi Kapolowe kwa mama yangu. Sitaki kelele, sitaki kuombewa. Ndoa yangu yote ilikuwa imening'inia kwenye yale mafuta, na sikutaka mtu ayaguse bila macho yangu kuwapo.

Fundi aliyemchagua wanaimba naye kwenye korasi moja, kwaya ya kanisani. Nikasema, hapo sasa! Mwimbaji na mwimbaji. Bwana wangu alipoliacha gari kule na kupanda pikipiki kwenda kazini, mimi nilifika na kigoda changu.

"Mama, utakaa hapa siku muzima?" fundi akauliza.

"Nitakaa."

Alikuwa mtu mkimya, mwenye ovaroli iliyopauka, na gereji yake ni shimo lililochimbwa kando ya reli, na mbao mbili za kupitishia matairi. Kwanza aliwasha injini, akaiacha ipate moto, akachomoa ile fimbo ya kupimia. Mafuta yalikuwa yamepungua. Hilo hata mimi nilijua. Kisha akashuka shimoni na petroli na brashi, akaisugua buate nje yote mpaka chuma kikang'aa, maana, alivyosema, kila kitu kikiwa chekundu huwezi kujua wa kwanza ni nani. Akaniuliza kama nina poda ya watoto. Sina mtoto mdogo tena. Nikatuma uletwe unga wa muhogo, ule mweupe laini kabisa, akaupaka kila mahali kwa brashi kavu. Mafuta yakitoka, yatalowesha unga, na tutaona mlango yalikotokea.

Akawasha tena. Mguu kwenye breki, akapitisha mkono wa gia kila mahali, nyuma, mbele, nyuma. Tukalipeleka barabarani mpaka mtaa wa Panda na kurudi, mimi nimekaa pembeni yake nimeshika mlango kwa mikono miwili. Tukashuka wote wawili shimoni, mimi na kitenge changu cha kanisani. Bomba zinazopeleka mafuta kupoa: nyeupe. Kingo za bakuli la chini: nyeupe. Mpira wa nyuma, kule yanakotokea mara nyingi: mweupe. Hata tone.

Hasira zikanipanda. "Mumepatana naye! Gari linavuja miaka yote, leo mbele yangu limeokoka?"

"Mama," akasema, akijifuta mikono taratibu, "mafuta haina korasi. Wacha ilale. Kesho tuone."

Nilichukua ufunguo nikaondoka nao, kwa usalama. Nyumbani bwana wangu akaniuliza mara mbili kama fundi amefunga ule uvujaji. Mara mbili! Hakuuliza kama watoto wamekula.

Asubuhi nilifika kabla fundi hajafungua lango. Tukashuka. Na hapo, lo! Kwenye ubavu wa buate, mahali ambapo kijiti cha mkono wa gia kinaingia ndani, unga ulikuwa umechorwa mstari mwekundu mpaka chini, na chini palikuwa pamelowa.

"Shi unaona? Ni hapa njo inatokea," fundi akasema, akifurahi kwa mara ya kwanza. Akanieleza polepole. Injini ikizunguka, pampu inayashika mafuta juu, mengine yamejaa kwenye ule mtungi mkubwa wa mbele unaozunguka na injini. Gari likisimama na kupoa, mafuta yanashuka kidogokidogo kutoka kwenye mtungi, bakuli la chini linajaa kupita kiasi, yanafika kwenye mpira wa kile kijiti. Na mpira ule umezeeka. "Ikitembea, haivuje. Ikisimama kidogo, haivuje. Inavuja tu ikilala."

"Ikilala kiasi gani?"

"Wakati mingi, Mama. Asubuhi mpaka mangaribi, ama usiku muzima. Mutu akipita tu kusalimia, haiachi hata alama."

Alisema hivyo bila kujua alichokisema. Doa pana kama ungo! Hakupita. Hakusalimia. Gari lilikuwa linashinda pale, kutwa, siku baada ya siku, na yeye ananiambia yuko ofisini.

Sijui hata nilipata wapi subira ya kubaki. Nilimwangalia fundi akiondoa mkono wa gia, akaung'oa ule mpira mkavu uliovunjika vipande kama ganda la karanga, akapaka mpya mafuta kidogo, akaugonga kwa nyundo taratibu mpaka ukakaa sawa. Akaongeza mafuta, akawasha, akapima. Nikashukuru, nikamwachia ufunguo, nikasimamisha pikipiki. Njia nzima nilikuwa nafunga kitenge changu vizuri, kwa maana nilikuwa nakwenda kupigana.

Mjane alikuwa anafagia mbele ya mashine. Sikumsalimu. "Bwana yangu iko wapi?"

Alinitazama, akatazama lile doa nililosimama juu yake, akaelewa mimi ni nani. Hakucheka. "Alituambia unajua," akasema. "Kuya, Mama. Kuya uone."

Nyuma ya mashine palikuwa na kibanda cha magunia. Kwenye ukuta, misumari imepangwa, na kila msumari umebeba nguo za mwanaume. Wa mwisho ulibeba shati la bwana wangu, lile la mistari nililopiga pasi asubuhi ile kwa mikono yangu. Tai yake. Chini, viatu vyake vya ofisini, soksi zimekunjwa ndani kama anavyozikunja nyumbani. Kando ya pipa la maji, juu ya tofali, kipande cha sabuni. Nikakiinua. Malimau.

"Ile biro yabo ilifungwa tangu kiangazi," mjane akasema kwa sauti ya chini. "Anabadilisha hapa, anapanda pikipiki na benzake, banaenda kuchimba."

Nikamuuliza wapi, na huku nilikuwa najua. Njia ile haina kwingine. Ni kule kwenye mgodi wa Shinkolobwe, uliofungwa na serikali, ambako watu huingia kwa kificho, udongo ukawafunika wenzao, na wanaobaki hawathubutu hata kutangaza msiba kwa sababu hawakupaswa kuwa kule.

Nikakaa juu ya gunia. Nilikuwa nimeomba mwezi mzima isiwe mwanamke. Pale, nimepakata viatu vyake, nilisema kwa sauti, mjane akanisikia: "Ee Mungu, heri ingekuwa mwanamke."

Walitokea alasiri, pikipiki ikiwa imebeba watatu. Wote walikuwa rangi moja ya udongo, nguo na uso, na sikumtambua mpaka aliposhuka akiwa ameshika kiuno kama anavyoshika akiamka. Akaniona. Akaona shati lake mikononi mwangu. Wenzake wakaenda zao pembeni.

Alitafuta la kusema, masikini, na alichopata ni hiki: "Motoka imepona?"

"Imepona," nikamwambia. "Haitaacha alama tena. Sasa ule udongo ukikuangukia, miye nitakutafuta wapi?"

Nikamchotea maji kwenye pipa, nikamsugua mgongo hapohapo mbele ya watu, kwa nguvu, kwa hasira, huku nikilia. Nyumbani tuligombana siku kadhaa. Nilipiga kelele, nilimtishia Kapolowe, nilimtaja mama yake. Kila mara aliniuliza tutakula nini, na kila mara mimi ndiye niliyenyamaza wa kwanza.

Anaendelea kwenda. Siku hizi suruali ya kuchimbia anaivaa nyumbani, mbele yangu, na ananawa kwa sabuni yetu ya bluu. Alasiri nafika kule kwenye mashine na kigoda changu. Gari liko pembeni ya ukuta, chini yake pakavu kabisa. Nakaa hapo mpaka atokee.