Ufito wa Kaka Yangu

Kaka yangu aliendesha baiskeli katikati ya njia yake kana kwamba lami ililazwa kwa ajili yake. Mimi nilibana pembeni, pale lami inapomegeka, na malori yalinipita karibu hadi shati likapepea. Sote tulibeba omena, dagaa wa ziwani, kutoka Homa Bay hadi soko la Rongo.

Siri yake ilikuwa ufito wa mpera. Aliufunga juu ya keria, kibebeo cha nyuma, ukachomoza upande wa kulia kama urefu wa mkono, na nchani kitambaa chekundu. Dereva aliyeogopa kuchubua rangi ya gari lake alikaa mbali mwenyewe. Ningeweza kufunga wangu, lakini nimuige yeye? Afadhali nife.

Nilimwonea kijicho, sifichi. Akina mama sokoni walimngoja yeye. "Omena ya ndugu yako haina mchanga," mmoja aliniambia mbele ya watu. "Wewe unaangukanga wapi?"

Asubuhi moja mwaka jana, alipoingia ndani kunywa uji, nilichukua kisu nikaukata ufito hadi nusu ya unene wake, kwa chini, pale kamba ilipouficha. Nilitaka uanguke njiani, naye aonje ninavyoishi mimi.

Nilimfuata nyuma. Ufito ulidondoka kwenye mteremko na hakujua. Akaendelea kukaa katikati kwa raha zake, na lori la miwa likaja kwa kasi nyuma yetu. Nilitaka kumpigia kelele, nikachelewa. Lori lilinipita, likamkwangua yeye, akatumbukia mtaroni na magunia yake.

Nilikimbia nikijua nimemuua ndugu yangu. Akainuka, goti linavuja damu, omena kichwani, anacheka. Nilimchukia kwa kile kicheko.

Kesho yake nilikuta fito mbili mbichi zimeegemezwa ukutani.

"Omera, ndugu yangu, ile mti ilikuwa imeoza," alisema. "Nimekata mbili. Yako nimefanya refu, juu wewe unaendeshanga pembeni sana. Hawa madereva watakumaliza."

Aliufunga mwenyewe kwenye keria yangu, akakaza kamba mara mbili, akaujaribu kwa mkono. Siku hiyo malori yote yalinipita mbali. Nilifika sokoni bila chembe ya mchanga, na akina mama wakanisifu.

Mpaka leo hajui. Nami namwonea wivu kuliko zamani, maana barabara amenigawia, lakini ile roho yake sijui anaikata kwenye mti gani.