Mgeni Aliyetuliza Kompyuta ya Mjukuu Wangu

Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kizingitini, jua likiwa utosini. Si ndoto, wala si mambo niliyohadithiwa na shangazi wa mtu. Mtakaosema bibi amezeeka, semeni, wengi wameshawatangulia. Lakini mimi ndiye yule yule mnayekuja kumuuliza mkitaka kujua babu yenu alimuoa nani na akamwacha nani. Nani mwingine anayejua majina ya watoto wote tisa wa marehemu Bi Mwanakombo, pamoja na wawili waliokufa hawajafika arubaini? Basi nisikilizeni.

Nina mjukuu, msichana. Mama yake, binti yangu Zuhura, yuko Omani kwa kazi, na mtoto nimemlea mimi tangu hajaota meno. Alipomaliza shule akapenda mchezo wa kompyuta. Wana timu ya wasichana, wengine wako Malindi, wengine Mombasa, naye yuko ukumbini kwangu kajifunika masikio kwa vile visikilizio vyao, wanakimbizana kwa magari kwenye kioo. Sikuona ubaya. Mtoto yuko nyumbani, namsikia akicheka. Mzee anataka nini zaidi?

Kompyuta yenyewe ilikuja vipande vipande. Mjomba wake Athmani alivituma kwa basi kutoka Mombasa mpaka Mokowe, vikavuka kwa boti pamoja na magunia ya unga. Mtoto akaviunganisha mwenyewe juu ya mkeka, ikawaka. Halafu Zuhura akamtumia kutoka Omani kibao kimoja chembamba kama kitana, wao hukiita ramu. Ndipo mashine inaposhikia mambo wakati inafanya kazi. Kimoja ilikuwa nacho, hicho cha mama yake kikawa cha pili. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Akiiacha iende na kasi yake ya kuzaliwa, mchezo unajivuta. Akiiwekea kasi iliyoandikwa kwenye boksi lililotoka Omani, elfu tatu na mia sita (nimeisikia namba hiyo mpaka naiota), inacheza kidogo, kioo kinageuka buluu, inazima. Anachomoa hiki, anajaribu kile. Kila kimoja peke yake hakina neno. Viwili pamoja, vita.

"Si ukitoe kimoja, mama?" nikamwambia.

"Kimoja hakitoshi mchezo, Bibi. Na cha Mama sikitoi hata kwa dawa."

Basi nikafukiza udi. Ndiyo, niliifukiza kompyuta! Bi Rukia, jirani yangu wa mlango kwa mlango, alisema ni kijicho. Mtoto akapiga kelele, "Bibi, moshi! Unaiua!" Hajui acheke au alie.

Mnacheka? Mimi sikuwa na kicheko. Athmani alipiga simu: "Muachie aje Mombasa, mama. Huku kuna mafundi, kuna wenziwe, atakaa nasi." Na mtoto, kwa mara ya kwanza, hakukataa. Timu ilikuwa imemwambia mashine ikizima tena katikati ya mashindano, watatafuta mwingine. Nikaona begi lake limetolewa chini ya kitanda. Halina kitu bado, lakini limetolewa. Nyumba hii ilikuwa na watu vyumba vyote. Nawajua kwa majina, na wote wamekwenda, kama si kaburini basi Arabuni au Mombasa. Nilibakiwa na huyu mmoja.

Ikawa Ijumaa. Wanaume wako msikitini, vichochoro vimenyamaza. Ni saa ile ambayo wazee wetu walitukataza kuzurura nje. Nikasikia hodi.

"Karibu, ndoo ndani," nikaitika.

Akaingia mwanamke wa makamo, buibui lake safi, halina hata chembe ya mchanga. Joto lile kila mtu anachuruzika jasho, yeye mkavu. Akasema katoka kisiwani Kiwayu, kasikia hapa kuna kompyuta inasumbua.

"Kiwayu kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwetu ni kule mwisho, Bibi."

Watu wa Kiwayu nawajua nyumba kwa nyumba. Kule mwisho hakuna nyumba, kuna majabali. Kwa nini sikusema? Mgeni hasutwi mlangoni, ndivyo nilivyolelewa. Paka wangu watatu, Kashata, Mkizi na Bwana Mkubwa, ambao hawapatani hata kwa kichwa cha samaki, walikuja wakakaa mstari mmoja wakimtazama. Niliona. Niaminini, niliona, nikaenda zangu kupika kahawa.

Niliporudi amekaa mkekani kando ya mjukuu wangu. Mashine hajaigusa. Akanigeukia mimi.

"Bibi, ulipokuwa ukitwanga na mwenzio kinu kimoja, mlifuata kasi ya nani?"

"Ya aliye mzito," nikasema. "Nilikuwa nikitwanga na Maimuna binti Shee, mkono wake mmoja mbovu. Ukimkimbiza, michi inagongana na mtama unamwagika."

"Umesikia?" akamwambia mtoto. "Hicho cha mama yako kina mbio. Hicho kingine hakiziwezi. Wewe unamkimbiza mzito."

"Lakini mashine inanipa mambo mawili tu, kulala au kukimbia!"

"Basi usichague. Andika kwa mkono wako. Elfu tatu na mia mbili, ndizo mbio za huyo mzito."

Mjukuu wangu akaizima, akaiwasha huku akibonyeza kidude, ukatoka ule ukurasa wake wa mipangilio. Akaandika. Ikaamka. Akafungua mchezo, tukakaa tukingoja buluu. Buluu haikuja. Wanaume wakatoka msikitini, magari bado yanakimbia kiooni. Mtoto akanirukia shingoni. "Bibi! Imekubali! Bibi!" Kahawa ikamwagika, nani alijali?

"Nikulipe nini, mwanangu?" nikamuuliza mgeni.

Pesa akakataa. Samaki akakataa. Kahawa yenyewe hakuionja.

"Naambiwa una majina mengi," akasema. "Nipe moja."

Nikacheka. Nikadhani huko kwao kuna mzazi, wanamtafutia mtoto jina. "Chukua ulitakalo!"

"Nichague mwenyewe?"

"Mgeni hachaguliwi. Chagua mwenyewe."

Mato yake yakatulia juu yangu, hayapepesi hata kope. "Umeridhika?"

"Nimeridhika kwa moyo mmoja."

Akaaga, akatoka. Bi Rukia alikuwa mlangoni pake anachambua mchele. Anaapa mpaka leo kwamba hakuona mtu aliyeingia kwangu wala aliyetoka.

Jioni wali ukaiva, nikataka kumwita mjukuu wangu aje ale. Nikafungua mdomo. Hamna. Kama mguu uliotafuta ngazi usiipate. Jina nililomchagulia mimi mwenyewe siku ya saba, akinyolewa mapajani mwangu!

Mmeona tangu mwanzo nasema mjukuu wangu, mtoto, mtoto? Sikulificha. Sinalo. Wakinitajia nalisikia vizuri, nalisema pamoja nao, na sijafunga mdomo limekwenda. Aliniandikia ukutani kwa chaki, herufi kubwa. Nazisoma moja moja, nikifika ya mwisho, ya kwanza imetoka kichwani. Muuguzi wa zahanati akasema ni uzee, akanipima kwa maswali. Nikamtajia mama yake, nyanya yake, waume wawili wa nyanya yake, na punda aliyemvunja mguu yule wa pili. Akanipa vidonge vya kichwa.

Nililia, sitawadanganya. Na aliyenibembeleza ni yeye. "Niite upendavyo, Bibi. Nitaitika." Basi leo namwita Sukari, kesho Kidege, na asipoosha sufuria namwita Ibilisi wee, na yote anaitika. Mombasa hakwenda. Timu yake wamebaki naye, na sasa yeye ndiye anayewaelekeza wenziwe mashine zao zikigoma. Usiku namsikia akicheka ukumbini na masikio yake yamefunikwa, namshukuru Mungu. Jina limekwenda, mwenye jina yupo.

Yule mwanamke sikumlaani. Pengine kule majabalini kuna kitoto leo kinaitwa jina zuri nililolichagua mimi. Mola akikuze.

Lakini nyinyi mnaosoma, lishikeni neno langu. Mgeni usiyeujua ukoo wake akikutendea wema mchana wa jua kali, mshukuru, kisha umpe kitu wewe, kwa mkono wako. Mpe kuku. Mpe kanga. Mpe hata ufagio. Usimwambie achague, maana hatachukua kilicho karibu na mlango.