Bomba la Moshi Nililompimia Baba Mkwe

Jamani, mkisikia watu wa mtaani kwetu hapa Tabora wanacheka likitajwa jina la Shabani muuza asali, ni mimi huyu wananicheka, na leo naieleza mwenyewe kwa kinywa changu kwa sababu nimechoka kuisikia kutoka kwa watu ambao siku ile hata hawakuwepo, halafu wanaongeza chumvi, wakati aibu yenyewe ilitosha bila chumvi ya mtu.

Mwenzenu nilikuwa naposa. Binti anaitwa Tausi, mtoto wa Mzee Maulidi mwenye tanuri la mikate, na mzee yule ana jenereta la dizeli nyuma ya nyumba kwa ajili ya mashine ya kukandia unga, maana umeme wetu mnaujua. Sasa bomba la moshi la jenereta lile lilikuwa fupi, linaishia usawa wa magoti, moshi wote unaingia jikoni, wanawake wakipika wanatoka machozi kama wako msibani. Mzee akawa anasema anatafuta mtu wa kumpimia urefu unaofaa. Mimi hapo nikaona mlango umefunguka (mkwe mtarajiwa anatafuta nini zaidi ya kazi ya kujionyesha?), nikamwambia, "Mzee, habari ya moshi niachie mimi. Nimefukiza nyuki tangu nina meno ya utoto, moshi nazijua tabia zake zote."

Kupima kwenyewe sasa. Nilikwenda asubuhi, hewa imetulia kabisa, nikapanda ngazi na kifukizio changu cha nyuki kinatoa moshi, nikakishika usawa wa dirisha, moshi ukapanda, nikakishika chini kidogo ya ukingo wa bati, ukapanda wima vilevile. Nikamwambia fundi wa kuchomelea, "Hapa hapa, kata." Ukweli ni kwamba sikutaka kuvuka paa, kwa sababu Mzee Maulidi alikuwa ameezeka bati jipya jekundu ambalo kila mgeni lazima aonyeshwe, nikaona bomba likichomoza juu yake litamuudhi, na mimi sikwenda pale kumuudhi mtu. Tena nikaongeza na ufundi wangu, nikaagiza mdomo wa bomba ukunjwe uelekee uani, mvua isiingie.

Tausi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na sufuria mkononi. Akauliza, "Shabani, mbona dohani ya tanuri imepita paa? Huo moshi ukigonga bati si utarudi kwetu?"

"Tanuri ni la kuni," nikamjibu kwa sauti ya kitaalamu, "na moshi wa kuni mzito. Wa dizeli ni mwepesi, unajiendea zake." (Nani aliniambia? Hakuna aliyeniambia.)

Tukaliwasha kidogo bila kuliunganisha na kitu, tukazima, likaonekana zuri, Mzee akanipiga bega, na usiku ule nililala kama mtu aliyekwisha oa. Ajabu, tangu hapo umeme haukukatika tena, siku zote zile, hivyo bomba langu likakaa bila kufanya kazi likisubiri siku yake.

Siku yenyewe ikawa ya posa. Mnajua muoaji hakai pale washenga wanapozungumza, anatakiwa awe kwao anahangaika peke yake, lakini mimi roho haikutulia, nikawaza umeme ukikatika nani ataliwasha lile jenereta, basi nikapitia nyuma nikajibanza kwenye banda lake, tena nimevaa kanzu nyeupe (mtu anajificha na kanzu nyeupe, sijui nilifikiria nini). Kwenye upenyo wa mabati nikawaona wazee wamekaa mkekani pale uani, mbele yao haluwa na kahawa, feni kubwa ya kusimama inawapuliza, na katikati yao mjomba wangu Ramadhani, msemaji wetu, aliyekuja kwa treni kutoka Kigwa na kanzu yake ameibeba kwenye mfuko ili isishike hata vumbi.

Mjomba aliongea vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaona nafaa. Mzee Maulidi akamwomba mama yake, Bibi yake Tausi, aingie ndani akamuulize binti kama ameridhia na mahari yake anataka nini, maana kwetu mahari anataja binti mwenyewe. Bibi ndiyo kwanza anavuka kizingiti, umeme ukakatika.

"Washeni jenereta!" Mzee akapaza sauti, akidhani yupo mtu wa tanuri huku nyuma. Nikaliwasha mimi.

Mashine ya unga, majokofu, feni, vyote vikalidaka kwa pamoja, jenereta likaguna, likakohoa, likatema. Na ule ulikuwa wakati wa alasiri, kiangazi, upepo wa mashariki umeshaamka, si ile hewa tulivu ya asubuhi niliyopimia mimi. Moshi ukagonga chini ya bati, upepo ukausukuma chini, feni ikaupokea ikawapelekea wazee usoni. Masizi yakaanza kushuka kama mtu anachekecha unga mweusi. Haluwa ikapotea. Kanzu ya mjomba, ile ya kwenye mfuko, ikawa madoadoa kama kanga wa porini.

Mjomba akasimama anakohoa. "Nani kaweka bomba hapa? Mtu wa namna hii hafai kupewa hata kuku wa kufuga!"

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini banda nalo lilikuwa limejaa moshi na mtu lazima avute pumzi, nikazima jenereta nikatoka mbio, macho mekundu, uso mweusi, kanzu haieleweki rangi, nikajikuta nimesimama katikati ya posa yangu mwenyewe. Nikasema, "Shikamooni."

Mzee Maulidi akajifuta nyusi, akamgeukia mjomba, akamwambia taratibu, "Ndugu yangu, aliyelipima ndiye huyu. Huyu unayemwombea mke."

Mjomba akakaa chini. Mimi hapo, utani pembeni, niliumia, kwa sababu Tausi nilimpenda kweli na nikajua nimemkosa kwa kujifanya najua.

Ndani kukasikika kicheko. Bibi akatoka, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Nimemuuliza. Amecheka mpaka amekaa chini. Anasema ameridhia."

Nikataka kushukuru, Bibi akaninyooshea kidole. "Ngoja kwanza. Mahari anataka msahafu, na bomba la moshi linalopita paa la nyumba hii na la jirani, mdomo uangalie juu. Na lipimwe alasiri, upepo ukiwepo, yeye mwenyewe akiwa pembeni."

Mzee Maulidi akalitazama bati lake jekundu, ambalo upande mmoja halikuwa jekundu tena. "Lipite tu," akasema. Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, akafuatiwa na wazee wote na nyuso zao za masizi, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, na hayo hayakuwa ya moshi.

Basi tukapima upya. Tukachukua bomba pana zaidi, maana refu na jembamba linaikaba mashine, mdomo juu tukauwekea kifuniko chepesi ambacho moshi wenyewe unakisukuma, nami niko juu ya ngazi, Tausi yuko chini ananiamuru, "Panda. Bado. Panda tena," mpaka upepo ukauchukua moshi juu ya mapaa yote na jikoni hakukubaki harufu. Siku ya ndoa sheikh akataja mahari mbele ya watu, akafika kwenye bomba, akasita, akainua macho akalitazama, akaendelea.

Bomba lipo mpaka leo, watu wanaelekezana nalo njia. Umeme ukikatika natoka uani, natazama moshi unavyojiendea juu kwa juu, nashusha pumzi. Kupima nimeacha kabisa. Juzi jirani kaja anataka nimwambie bomba la jenereta lake lifike wapi, nikamkaribisha kiti, nikampa maji, nikamwambia asubiri nimwite mke wangu.