Mtu wa Ishirini wa Tau Lambda Rho

Mjini Pruett, jimbo la Indiana, ungeweza kumsahau meya, lakini Delbert Ostrander hakukupa nafasi ya kumsahau. Kofia yake iliandikwa Tau Lambda Rho. Kikombe chake kadhalika, kibandiko cha nyuma ya gari, hata soksi za Krismasi. Maisha yake yote ya kazi alitengeneza mitambo ya kupasha joto mashuleni, akastaafu na magoti mabovu, lakini ukimuuliza yeye ni nani hakutaja mitambo. Angekwambia yeye ni ndugu wa Tau Lambda Rho, chama cha udugu cha wanafunzi wa Chuo cha Hollister, kisha angekupa ule mkono wa siri: kidole kidogo kimekunjwa, gumba linagonga mara mbili. Hata wasiohusika aliwapa. Siri gani hiyo, mimi sijui.

Tawi la Hollister lilikuwa limefungwa miaka tisa. Vijana walipandisha ndama dume hadi ghorofa ya tatu ya nyumba yao, na ng'ombe ngazi hupanda vizuri tu, ila kushuka hataki. Wazima moto walimteremsha kwa kamba mbele ya wazazi waliokuja kwenye mahafali. Delbert aliliombolezea tawi lile kuliko alivyomwombolezea shangazi yake. Kwa hiyo chuo kiliposema tawi linaweza kurudi, mradi wanafunzi ishirini watie saini kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, alibeba jiko lake la kuchomea soseji, akaweka meza uwanjani.

Wanafunzi walikuja. Walikula, wakaondoka.

"Mzee, hii ni dini?" mmoja aliuliza, mdomo umejaa.

"Ni udugu! Wa maisha!"

"Mimi nina kaka wanne nyumbani, wananitosha. Haradali iko wapi?"

Aliyemwokoa ni Ignacio Barrera, mwanafunzi wa uhandisi wa miaka kumi na tisa, aliyejiandikisha kwa sababu nyumba ya udugu ina maegesho. Akawaleta wenzake waliochoka kuegesha mbali. Kufikia Ijumaa saa nane mchana walikuwa kumi na tisa. Alikosekana mmoja tu, na mwanaume yeyote aliyepita karibu na ile meza alikuwa hatarini.

Hapo akafika Tanner Vogel, mjumbe wa makao makuu ya udugu, kijana wa shati lililopigwa pasi na kompyuta kwapani. Delbert alimpa mkono wa siri kwa fahari. Tanner akautazama mkono wake kana kwamba umeumwa na nyuki.

"Samahani, mzee. Hii ni nini?"

"Mkono wetu!"

"Wetu sio huu."

"Kijana, mimi nautumia tangu hujazaliwa. Ndugu wote wa mji huu wanasalimiana hivi."

Tanner alifungua daftari la majina kwenye kompyuta. Kila aliyekula kiapo yumo, tangu wa kwanza kabisa. Ostrander hakuwemo. Akampigia simu Lou Pasternak, muuza viatu, ambaye jina lake lilikuwemo, akaweka sauti juu ili wote wasikie.

"Mkono?" Lou alisema. "Tunafuata wa Delbert. Sisi wengine tuliusahau zamani. Yeye ndiye mwenye bidii, tukajua lazima anaukumbuka."

Vijana walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye nyasi. Delbert hakucheka. Alizima jiko, akautoa ukweli alioukalia miaka hamsini na tano. Alikuwa mwanagenzi tu, yule wa kufulia wakubwa soksi huku akingoja kiapo. Wiki mbili kabla ya kiapo baba yake akavunjika nyonga, mahindi yako shambani, akaitwa nyumbani kuvuna. Hakurudi tena chuoni. Mkono wenyewe aliuchungulia kwa mbali, mengine akabahatisha.

"Mtu aliniuliza kama mimi ni ndugu, nikasema ndiyo," alisema. "Mara moja tu. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kurudi nyuma."

Aliona aibu sana, na ilimchoma zaidi kwa kuwa soseji zilikuwa zake na kofia bado iko kichwani.

"Basi Bwana Pasternak atakuwa mlezi wa tawi," Tanner alisema kwa upole. "Wewe, mzee, sheria haikuruhusu hata kukaa mkutanoni. Na bado mko kumi na tisa."

Ignacio alikuwa akisoma fomu. "Hapa pameandikwa mwanaume aliyesajiliwa chuoni. Umri hawajataja. Na wazee waliopita sitini si wanasoma bure? Bibi yangu anasomea ufinyanzi hapa hapa."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Jisajili, mzee. Uwe mwanagenzi. Mimi ndiye kaka yako mkubwa, na soksi zangu utafua."

Lakini orodha ya wanachama wapya ingetoka kwenye gazeti la mji Jumamosi, na Lorna, mkewe, husoma gazeti lile hadi matangazo ya paka waliopotea. Delbert hakutaka alipate jambo hili gazetini. Aliendesha gari hadi nyumbani, akamkuta anamenya matufaha.

"Lorna, mimi si ndugu wa Tau Lambda Rho. Sijawahi kuwa."

"Najua."

"Unajuaje?"

Lorna alifuta mikono, akaingia chumbani, akarudi na pini ndogo ya dhahabu. Enzi zao, kijana wa udugu akimvisha msichana pini yake, mji mzima ulijua ndoa iko njiani. Delbert alimvisha hii mbele ya mama yake Lorna. Lorna aliigeuza. Nyuma yake palichongwa R. J. Lindqvist.

Delbert alitafuta kiti. "Tulikaa chumba kimoja chuoni. Aliniazima kwa wikiendi moja."

"Niliona siku ile ile."

"Miaka hamsini na mbili! Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi mno. Shamba lilishakunyang'anya chuo, na mimi nikunyang'anye kofia?" Kisha akamkazia macho. "Ila tuelewane. Mimi nimevishwa pini na Lindqvist. Wewe, Delbert, hujanichumbia."

Delbert akamweleza kuwa vijana wanataka ajisajili chuoni leo, awe mwanagenzi upya.

"Ofisi inafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Sasa ni kumi na nusu. Vaa viatu, naendesha mimi."

Zilibaki dakika saba Delbert alipofika kwenye dirisha la usajili. Ignacio alisimama kando na orodha, kalamu tayari. Karani aliandika bila kuinua kichwa: jina, mwaka wa kuzaliwa. Akauliza tena mwaka wa kuzaliwa.

"Unaingia mwaka wa ngapi?"

"Wa kwanza." Akavua kofia, akarudia. "Mwaka wa kwanza, mama."

Karani akagonga muhuri. Delbert akatia saini kwenye orodha, ya ishirini, na Ignacio akampiga bega kwa nguvu ambayo si ya kumpiga nayo mzee.

"Kimebaki kisanduku kimoja," karani alisema. "Umeoa?"

Delbert aligeuka. Lorna alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, anangoja.

"Nimeoa," alisema. "Ila uchumba bado."