Baba Aliyeomba Macho Wazi

Mimi ni mwoga, na heri niseme mapema ili mtu asije akanitafutia ushujaa humu ndani. Shujaa wa nyumba yetu alikuwa baba. Alikuwa Keya, askari mweusi wa mzungu, akapigana Burma, kisha akarudi kwetu Kasikeu na kabuti zito la jeshi ambalo alilivaa kila Jumapili hata jua la utosi likiwaka. Maafisa wazungu waliopigana naye walipewa mashamba huko kwenye baridi na mvua. Yeye alipewa kabuti. Alilisema jambo hilo bila kupandisha sauti, na mimi liliniuma zaidi kwa sababu hiyo.

Alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu: hakufumba macho akiomba. Alisimama mbele, visigino pamoja, mikono ubavuni, akampa Mungu ripoti huku anatutazama sisi sote. Mama alimtania kwamba anamchungulia Mungu. Yeye alijibu kwamba askari wa zamu hafumbi macho, hata akiwa anaongea na mkubwa wake.

Mwaka wa mlolongo, tulipopiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikikaa bado kwa wazazi. Ndugu yangu mdogo alikuwa karani wa chifu. Siku ya kura tuliona kwa macho yetu mstari mfupi ukitangazwa kwamba ndio mrefu, kisha tukarudi nyumbani kimya. Siku zile ulinung'unika sokoni asubuhi, na kabla ya saa sita umeshaitwa ukajieleze. Mwalimu mwenzangu mmoja aliitwa hivyo, na aliporudi hakutaka tena kuzungumza hata habari za mvua.

Jumapili iliyofuata zamu ya maombi ilikuwa ya baba. Nilimsihi njiani aombee mvua na wagonjwa, basi. Akaniitikia, "Sawa, mwaitu." Aliniita mwaitu, mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi; sisi watoto tulimwita nau, baba. Kwa jinsi alivyoniitikia haraka, nilijua hakunisikia.

Aliombea mvua kweli. Aliombea wagonjwa. Nikadhani amemaliza.

"Bwana," akasema, "Burma walitupanga mistari miwili. Mzungu kwake na nyama yake, sisi kwetu na maharagwe yetu. Tulikula mbali, tukafa pamoja. Tulikuomba uhuru ili mistari hiyo iishe. Sasa wenzetu wametupanga tena, na mstari mfupi wameuita mrefu. Wewe unajua kuhesabu. Wahesabie."

Nilifungua macho. Watu wote niliowaona walikuwa wameinamisha vichwa, isipokuwa ndugu yangu, kwenye benchi la pembeni mbele yangu. Alikuwa ameficha kijitabu ndani ya kitabu cha nyimbo, na alikuwa anaandika. Niliinua macho kwa baba. Alikuwa anamtazama mwanawe, halafu akatazama mbali, huko nyuma yangu, akamaliza kuomba kwa sauti ileile.

Nyumbani mama alipakua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na hakuna aliyegusa. Baba akavua kabuti, akalitundika, akaketi.

"Umeandika?" akamwuliza ndugu yangu.

"Chifu alisema maombi ya kila kanisa yataandikwa, nau. Si mimi nilitaka." Machozi yalikuwa yanamtoka, mtu mzima na ndevu zake.

"Sikuulizi nani alitaka. Soma."

Akasoma. Mvua ilikuwamo, wagonjwa walikuwamo, Burma ilikuwamo, hata maharagwe. Yale ya mstari mfupi kuitwa mrefu hayakuwamo.

"Hapo umeruka," baba akasema.

"Nau, nikiweka hiyo watakuchukua."

"Weka."

Nilimnyang'anya ndugu yangu kalamu nikaitupa nje, ikaangukia kuku. Sikuwahi kufanya jambo kama hilo mbele ya baba. Nilimwambia kwamba amezeeka, kwamba risasi zimemkosa akadhani ni yeye aliyezikwepa, kwamba kama anataka kufa asimfanye mwanawe ndiye wa kumwandikia. Mama alijifunika uso kwa leso. Baba alingoja nimalize.

"Mwaitu," akasema, "nenda ulete hiyo kalamu."

Nikaenda. Mpaka leo sijui miguu yangu ilimtii kwa nini. Ndugu yangu akaandika neno kwa neno, baba akimtajia polepole, na nilimchukia baba wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Niliona ni kiburi cha kijeshi.

Jumatatu ilipita. Kila gari lililonguruma barabarani, niliacha kufundisha nikaenda dirishani. Jumanne Land Rover ya polisi ilikuja, na baba alikuwa ameshavaa kabuti, ameketi mlangoni anawangoja. Hawakutuambia wanampeleka wapi. Tulikaa siku tisa bila kujua kama tuna baba au hatuna. Nilisali, lakini nilisali moyoni tu, bila kufungua mdomo, maana niliogopa hata kuta za chumba changu.

Siku ya nne ndugu yangu aliitwa kwa chifu. Alirudi akatusimulia. Chifu alikuwa ameweka karatasi mbili mezani, ile aliyoiandika ndugu yangu na nyingine yenye mwandiko asioujua, akazilinganisha mstari kwa mstari kwa rula. Zililingana. Akamwambia, "Ungeacha neno moja, wewe nawe ungekuwa kule na mzee."

Nilikaa chini palepale jikoni, kwenye majivu.

Baba alirudi akichechemea, bila kabuti. Lile alilopewa na mzungu lilikuwa limechukuliwa na mwenzake mweusi, na hakulitaja tena. Nilimnawisha miguu, nikamwuliza alijuaje kwamba kuna karatasi ya pili.

"Niliona kalamu mbili," akasema. "Moja mbele yako, moja nyuma yako."

"Ya pili ilikuwa ya nani?"

"Bado anashiriki meza ya Bwana na sisi. Ukimjua, hutampa mkono."

Niliuliza mwaka huo, nikauliza na mwaka uliofuata. Hakusema. Nikaendelea kukaa kanisani nikihisi pumzi za watu nyuma ya shingo yangu, nikiimba kidogo, nikiomba mambo ya mvua.

Alikufa miaka michache baadaye, kura zikiwa zimerudi kupigwa kwa siri. Baada ya mazishi kanisa lote lilipanga mstari kutupa pole. Nilisimama karibu na mama. Kila aliyefika nilimtazama vidole, vile vya kushika kalamu, kabla ya uso. Niliwapa mkono wote, mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa wanalia.