Barua Isiyo na Namba

Shule ya msingi anayofundisha Fortunée ilifungua mwaka siku ya Jumatatu, na kufikia saa moja asubuhi mstari wa wazazi ulikuwa umeshazunguka ukuta wa jengo jipya na kurudi mpaka kwenye bomba la maji. Jengo lilikuwa na madarasa mawili, limemalizwa mwezi wa nane, bado linanukia saruji. Watu walisema safari hii nafasi itapatikana. Walisema hivyo pia jengo la kabla ya hilo lilipokwisha. Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, watoto huongezeka upesi kuliko matofali, na mwaka uliopita darasa la kwanza peke yake lilikuwa na watoto mia moja na tisini, nusu yao wakikaa chini.

Fortunée aliwekewa meza barazani. Mwalimu mkuu, Bwana Chisenga, Mmalawi mpole asiyependa kelele, alimchagua kwa sababu anajua Kiswahili na Kifaransa, Kirundi cha kusalimiana na Kichewa cha sokoni. Katika hesabu ya serikali yeye si mwalimu. Ni msaidizi wa darasa la pili. Kazi yake siku ile ilikuwa kuandika jina la mtoto, umri wake, na shule aliyotoka.

Yeye mwenyewe alizaliwa Bukavu, Kongo, mtaa wa Kadutu, akasomea ualimu huko na kufundisha miaka minne kabla ya vita kumtoa. Alifika Dzaleka na mume wake Rodrigue, fundi cherehani. Walikaa kambini mwaka na miezi, kisha wakafanya kama wengi waliozoea mji: wakahamia Lilongwe, mtaa wa Chilinde, karibu na soko. Rodrigue akaweka cherehani yake mbele ya nyumba. Fortunée, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, akaanza kuwakusanya watoto wa wenzake katika chumba cha nyuma ili wasizurure wakati mama zao wanauza. Walianza kumi na mmoja. Mwaka wa tatu walikuwa sitini na wawili, na mwenye nyumba akakubali lijengwe banda la mabati uani.

Wazazi waliomba Kifaransa. "Siku tunarudi Bukavu, batoto batasoma na luga gani?" walimuuliza, na yeye aliona wana haki, kwa sababu hata yeye usiku alilala akiwaza barabara ya kushuka ziwani. Basi akafundisha hesabu na kusoma, vyote kwa Kifaransa, na Biblia kwa Kiswahili. Kiingereza alikiacha kwa baadaye. Kwenda kuandikisha shule serikalini pia alikuacha kwa baadaye.

Mwaka 2023 ikaja amri kwamba wakimbizi wanaoishi mijini warudi kambini. Banda lilifungwa siku ya Ijumaa, watoto wakiwa katikati ya somo la kugawanya. Familia zikatawanyika. Wengine walikwenda Dzaleka siku zile zile, kama Fortunée na Rodrigue. Wengine walijibanza hapa na pale mjini, mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, mpaka wakachoka kujibanza.

Mmoja wa waliochoka alikuwa Zihindula, fundi wa simu. Karibu saa nne alifika mbele ya meza, amemshika mkono binti yake Merveille. Walikuwa wamekaa Area 49, mtaa mwingine wa Lilongwe, muda wote ule, na kambini walikuwa na wiki mbili tu. Merveille alikuwa na miaka kumi na moja. Fortunée alimwacha akiwa bado anamfika kiunoni.

"Madame!" mtoto akasema, na akaanza kucheka, kwa sababu hakutegemea kumkuta pale.

"Papa Merveille, karibu sana," Fortunée akasema. "Sasa, nakuuliza kama mutu mwenye hakujue. Mtoto alisoma wapi?"

"Kwako, Madame," Zihindula akajibu. "Kisha ile amri, mama yake njo alimufundisha na ma-kaye yako, ile madaftari. Haiko shule ingine."

Fortunée akaandika: Merveille Zihindula, miaka kumi na moja, Chilinde, darasa la tano. Hakufikiri mara mbili. Siku hiyo aliandika watoto kumi na saba waliopita mikononi mwake kule Chilinde, kila mmoja darasa analostahili kwa umri na akili, na jioni akampelekea Bwana Chisenga daftari.

Mwalimu mkuu alisoma polepole. "Hawa wa Chilinde," akasema, "barua zao za uhamisho ziko wapi?"

"Nitawaandikia mimi. Ilikuwa shule yangu."

"Vizuri. Barua iwe na namba ya shule."

"Haina namba," Fortunée akasema.

"Mama, shule iliyoandikishwa ina namba," Bwana Chisenga akasema, kwa upole ule ule. "Mkaguzi akija ataniuliza. Mimi nakuamini wewe, lakini yeye hakujui. Asiye na barua atafanya mtihani, au ataanza chini."

Mtihani ulikuwa Jumatano, na ulikuwa wa Kiingereza. Fortunée aliwekwa kusimamia. Alitembea kati ya madawati, mikono nyuma, amekatazwa kusema. Hesabu za tarakimu Merveille alizimaliza wa kwanza, hata zile za sehemu. Kisha zikaja hesabu za maneno, mkulima ana mbuzi kadhaa, ameuza kadhaa, na kalamu ikasimama. Mtoto akainua uso.

"Madame, hapa banauliza nini?"

Fortunée alijua wanauliza nini. Mwalimu mwingine alikuwa mlangoni, anamtazama. Akatikisa kichwa, akaendelea mbele mpaka ukutani, akasimama pale ameutazama ukuta kama mtu anayesoma kitu.

Alipokusanya karatasi aliona kwamba Merveille ameacha nafasi nyingi tupu, lakini nyuma ya karatasi ya mwisho ameandika ukurasa mzima kwa Kifaransa, mwandiko umelala vizuri, kuhusu nyumba yao ya Area 49 na mti wa mapapai uliokuwa nje. Hapakuwa na kosa isipokuwa moja. Msahihishaji hakujua Kifaransa. Alipiga mstari wa kukata ukurasa wote.

Kati ya wale kumi na saba walifaulu wawili, ambao kaka zao walikuwa wamesoma shule za Kimalawi. Merveille alipangiwa darasa la pili.

Fortunée aliomba kibali cha kutoka kambini. Kilichukua siku nne. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akapanda minibasi mpaka Lilongwe, na kabla ya saa tatu alikuwa kwenye ofisi ya elimu, amebeba bahasha yenye madaftari ya mahudhurio ya miaka yote, kila mtoto na kila siku aliyokuja. Alisubiri mpaka saa saba. Ofisa aliyempokea alikuwa mzee mwenye miwani, akampa kiti, akafungua madaftari yale na kuyaangalia moja moja.

"Umeyatunza vizuri," akasema. "Lakini shule hii haimo katika orodha yetu."

"Najua haimo. Nimekuja iingie."

"Iko wapi sasa?"

"Haipo. Ilifungwa tuliporudishwa kambini."

Mzee akavua miwani. "Mama, siwezi kuandikisha kitu ambacho hakipo."

"Watoto wapo."

"Watoto wapo," akakubali. Akafungua droo ya meza, akatoa fomu ya maombi ya kuanzisha shule, akampa, kwa sababu alitaka asiondoke mikono mitupu. Fortunée akaipokea kwa mikono miwili. "Zikomo," akasema, asante ya Kichewa. Hakwenda Chilinde, ingawa ilikuwa safari fupi ya kabaza, baiskeli ya abiria. Alisimama stendi na bahasha yake mpaka minibasi ikajaa.

Kesho yake alikwenda kwa kina Zihindula, chumba walichoazimwa na watu wa kanisa lao. Louise, mama wa Merveille, alikuwa anachambua matembele. Fortunée aliwaeleza kila kitu, hata fomu. Hakujitetea.

"Kumbe ile yote ilikuwa bure," Louise akasema. "Miaka ile yote, naamka saa kumi namupikia ule mtoto bouillie ya unga asiende na njaa."

"Louise," mume wake akasema, "sisi njo tulimuomba Kifaransa. Sisi bote tulimuomba."

"Yeye njo mwalimu! Mwalimu njo anajua!"

"Ni kweli, Mama Merveille," Fortunée akasema. "Mi njo nilipaswa kujua."

Zihindula akamsindikiza mpaka njiani. Alikuwa akitafuta neno la kumtuliza. "Usibebe peke yako, Madame," akasema. "Hakuna mwenye alijua tutatoka vile." Fortunée angependa zaidi amtukane.

Kwa hiyo Merveille akaja darasa la pili, ambalo msaidizi wake ni Fortunée. Mwalimu wa darasa aliwafundisha watoto mia moja na arobaini kusema ng'ombe na kikombe kwa Kiingereza, na Fortunée akawahesabisha mpaka mia. Merveille alikaa nyuma kabisa, miguu imekunjwa chini ya dawati, kitoto cha miaka saba kimemlalia bega na kusinzia. Alihesabu na wenzake. Aliitika jina. Siku ya tatu watoto walianza kumwita Agogo, yaani bibi, kwa ukubwa wake. Fortunée aliwakemea, wakanyamaza, wakaendelea wakati wa mapumziko. Alimwona Merveille uwanjani amesimama karibu na wasichana wa darasa la tano, si pamoja nao, bali karibu tu, anasikiliza.

Siku ya tisa hakuja.

Fortunée alijaribu alichoweza. Aliazima kitabu cha Kiingereza cha darasa la nne, akaomba kanisa limpe chumba saa za alasiri, akawaita wale kumi na watano. Kiingereza chake mwenyewe kilikuwa cha kupapasa. Alisoma ukurasa mmoja kila asubuhi kabla ya kuteka maji, na alasiri akaufundisha huo huo. Mara mbili Bwana Chisenga alikuja kumsahihisha matamshi, akakaa nyuma na watoto. Wiki ya kwanza walikuja kumi na mmoja. Kisha wengine wakatumwa kuni, wengine wakabaki na wadogo zao, wakawa wanne. Merveille alikuja siku mbili. Siku ya pili alisema, "Madame, mama iko na lazima na mi ku soko," na Fortunée akamwambia aende, amsaidie mama.

Mwezi wa kumi na mbili, kabla ya likizo, Fortunée alipita sokoni kununua mboga, akamkuta Merveille nyuma ya meza ya nyanya na usipa, dagaa wakavu wa ziwani. Alikuwa anamhudumia mama mmoja Mmalawi kwa Kichewa safi, anacheka naye, anamwongezea nyanya moja juu. Alipomwona mwalimu wake alifuta mikono kwenye kitenge na kumsalimia kwa heshima. Walizungumza kidogo, habari za Papa, habari za Rodrigue na macho yake yanayomsumbua.

"Madame," Merveille akasema, "mwaka wenye kuya mutaandika tena?"

"Tutaandika. Mwezi wa tisa."

Mtoto akaanza kupanga nyanya upya, ingawa zilikuwa zimepangika. "Nitakuwa na miaka kumi na mbili," akasema. "Ku darasa la pili, banakubali mutu wa miaka kumi na mbili?"

Fortunée akasema watakubali. Ni kweli, wanakubali. Hakuna kanuni inayokataza. Merveille akaitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia mteja mwingine aliyefika.